Doti nyekundu za Kilimanjaro zilivyotuzuga

Jamani, pilau nyingine zinapikwa kabla ya wakati! Oktoba 2020 nilikuwa Moshi kwa shangazi. Tarehe 11 moto ukazuka Mlima Kilimanjaro, maeneo ya Whona, wanakopumzika wapandaji wa njia ya Marangu. Usiku ukitoka nje unaona mstari mwekundu umening'inia gizani, we acha tu. Shangazi halali. Mwanawe alikuwa kati ya mamia ya watu waliopanda kwenda kuuzima, wengi wakiwa na mapanga na matawi ya miti.

Mshikaji mmoja wa mtaani akaja na simu yake. "Shangazi usihofu, moto wote uko humu." Ramani tupu, imejaa doti nyekundu. Zinatoka NASA, wale wa Marekani, na kuangalia ni bure. Setilaiti zinazopita mamia ya kilomita juu zinanasa miale ya joto ambayo jicho halioni. Sasa hapo ndipo wengi tunapochemsha: doti siyo moto wenyewe. Ni katikati ya mraba wa mita 375 kila upande. Humo ndani pengine kinaungua kipande kama uwanja wa mpira tu, na doti ni ileile.

Sisi tukawa mashabiki. Tunalinganisha doti za jana na za leo, tunabishana moto unaelekea wapi. Mchana mmoja zikatoweka zote. Shangazi akapiga vigelegele, akainjika pilau! Giza lilipoingia, mstari uleule, tena umerefuka.

Kumbe mawingu, bwana. Wingu zito likifunika, setilaiti haioni kitu chini yake. Halafu zile za mita 375 hupita juu yetu kwenye saa saba na nusu, mchana na usiku. Upepo ukigeuka saa kumi jioni, utasubiri. Meteosat, iliyotulia kilomita 36,000 juu ya ikweta, wakati ule ilikuwa ikipiga picha kila dakika 15, lakini mraba wake ni kilomita tatu hivi. Vimoto vidogo inavikosa.

Sizibezi. Ziliungua kama kilomita za mraba 95, na hakuna mtu wa kuzizunguka zote kwa miguu. Ila kwa shangazi, doti kukosekana ilimaanisha mwanawe amepona.

Binamu alirudi nyusi zimeungua. Shangazi akamuuliza kama kule juu walikuwa na ramani ile.

"Simu zilizima chaji siku ya kwanza, mama. Tulikuwa tunaangalia moshi."

Akaomba maji ya kuoga.