Hesabu za Hospitali na Siri ya Mgonjwa

Umeiona karatasi ile iliyobandikwa ukutani pale unapongojea dawa? Imeandikwa majina ya vijiji, na mbele ya kila kijiji hesabu ya wagonjwa. Wengi wanaipita tu. Wengine wanaisoma kwa bidii, wakitafuta kijiji chao. Hao ndio ninaotaka kusema nao.

Hesabu kubwa haina uso. Ukisoma kwamba watu 900 wa eneo lote walitibiwa malaria, humjui hata mmoja. Lakini tuseme imeandikwa: kijiji fulani, kifua kikuu, mtu 1. Kijiji chenyewe kina nyumba 40, na wote wamemwona mama mmoja akienda hospitali kila juma. Jina halikuandikwa, lakini limekwisha kujulikana. Kesho sokoni mihogo yake hainunuliwi. Anaona haya, anaacha dawa za miezi 6 katika mwezi wa pili. Ndipo ugonjwa unarudi kwa nguvu, na pengine dawa zile za kwanza haziuwezi tena.

Tena si hesabu ya 1 tu inayofunua. Kama wanawake 3 wa kijiji walipimwa virusi vya Ukimwi, na karatasi ikasema 3 wanavyo, basi kila mmoja amefunuliwa. Hapa Kongo sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wenye virusi hivyo, na kifungu cha 73 cha sheria ya makosa kinamwadhibu mganga anayetoa siri ya mgonjwa. Karatasi ya ukutani nayo ni kinywa cha mganga.

Kuna jambo la pili. Hesabu ndogo hudanganya. Mwaka jana katika kijiji alikufa mtoto 1, mwaka huu wamekufa 2. Mtu anasoma na kupiga kelele: vifo vimeongezeka mara mbili! Hesabu hazikukosewa, lakini katika watoto wachache vifo 1 au 2 hupanda na kushuka vyenyewe, bila sababu mpya. Nawe unajua yanayofuata kwetu: watu wanatafuta mchawi, na bibi kizee asiye na mtetezi anafukuzwa nyumbani mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kubandika, hesabu ndogo huunganishwa: vijiji vichache pamoja, au miaka 3 pamoja. Huko Marekani, ofisi ya afya iitwayo CDC, katika hesabu za vifo inazotoa kwa watu wote, huficha vifo vya 1 mpaka 9. Tena kiwango kilichopatikana kwa vifo chini ya 20 hutiwa alama kwamba si cha kutegemewa.

Lakini angalia, kuficha kunataka akili. Ukifuta hesabu ya kijiji kimoja na kuacha jumla ya vijiji vyote, mtoto wa shule atatoa na kupata ile uliyoficha. Lazima ufute na ya kijiji cha pili.

Je, ugonjwa wa kuambukiza upesi nao ufichwe? Hapana! Hapo kunyamaza kunaua. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyowapata watu 3,470 na kuua 2,287, hesabu zilitangazwa kwa kila zoni ya afya: Beni, Mabalako, Katwa, Butembo na nyingine. Watu walihitaji kujua mahali. Majina ya wagonjwa yalikuwa kazi ya waganga waliofuata waliokutana nao, si ya kutangazwa sokoni.

Basi mwuguzi akikuuliza kijiji chako, usitaje kingine kwa hofu. Wako wanaofanya hivyo, na dawa zinapelekwa pasipo na wagonjwa. Ndani ya kitabu cha hospitali kila mgonjwa huhesabiwa, hata akiwa peke yake, na hesabu yake hupelekwa ofisi ya zoni. Na ukiona ukutani hesabu inayomfunua jirani yako, usiisome kwa sauti. Mwite mwuguzi mkuu kando, umwonyeshe.