Kwa Nini Honi Kuukuu Hupasuka Ukiigonga

Msomaji wetu aishiye Marekani amenunua honi ya Kifaransa, Conn 8D iliyoundwa Elkhart, Indiana, kabla kiwanda hakijahamia Texas. Mdomo wake mpana umebonyea. Anauliza kama anaweza kuunyoosha nyumbani kwa nyundo, na kama aukate autie pete ya skrubu ili utoshee begi la safari.

Historia ya ala naipita haraka: modeli hii ilianza 1937, ikifuata honi za muundaji Kruspe wa Erfurt, Ujerumani. Kinachonivutia ni yanayotokea ndani ya metali nyundo inapotua.

Honi hii imeundwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Atomi zake zimejipanga safu juu ya safu, na bati halipindi mpaka safu ziteleze. Kuzitelezesha zote kwa mpigo mmoja kungetaka nguvu nyingi mno kuliko za mkono wa fundi, ilhali bati hupinda. Mwaka 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walifumbua fumbo hilo. Chukua zulia zito la msikitini. Kulivuta lote hutaweza, lakini ukikunja ukingo mmoja ukausukuma mkunjo hadi upande wa pili, zulia zima limesogea kidogo. Ndani ya metali mikunjo kama hiyo ipo tele, na kila pigo la nyundo huzaa mingine. Sasa sukuma mikunjo kutoka kila pembe ya zulia: itakutana katikati, itabanana, na hakuna utakaoweza kusogea tena.

Mkunjo huo wa atomi nauita mtenguko. Neno dosari silitaki, kwa kuwa linaashiria ubovu, ilhali bila mitenguko usingepinda hata waya. Katika metali laini, sentimita mraba moja hupitiwa na mitenguko kama milioni 1; ikishagongwa sana, huzidi bilioni 100. Ndipo bati hugoma kupinda na kuanza kupasuka. Mdomo wa honi kuukuu umegongwa tangu kiwandani, kisha na kila fundi aliyeurekebisha.

Moto hulitandika zulia upya. Bati likipashwa mpaka liwe na wekundu hafifu unaoonekana gizani, atomi hupata nguvu ya kuhama, na chembechembe mpya zisizo na msongamano wa mitenguko huota mahali pa zile za zamani. Likipoa, linapinda tena kwa upole. Lakini lehemu ya viungo huyeyuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, kwa hiyo mdomo ubanduliwe kwanza. Hewa iwe ya kutosha mahali pa kazi.

Kwa hiyo, nyundo iweke kando. Mbonyeo mdogo usugue kwa chuma cha mviringo chenye uso laini, ukianzia kingoni. Na usisafishe kwa amonia: maganda ya risasi ya brasi ya jeshi la Uingereza nchini India yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, kwa sababu yalihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na amonia ya mikojo ikashambulia metali iliyojaa mkazo.

Kuhusu kukata: inafanyika, na honi nyingi za Elkhart zimekatwa hivyo. Pete lazima ikae sambamba kabisa, na hiyo ni kazi ya mashine ya kukerezea. Mpelekee fundi.