Superman mpya aanzia mgodini

Mpenzi wa Superman anayefungua Absolute Superman, mfululizo wa vitabu vya katuni ulioanzishwa na DC mwezi Novemba 2024, hakuti shamba la Kansas. Anakuta mgodi wa almasi nchini Brazil, vumbi, na wachimbaji wanaosimamiwa na watu wenye silaha wa kampuni iitwayo Lazarus. Kal-El yumo kati yao, ameficha nguvu zake.

Mwandishi Jason Aaron na mchoraji Rafa Sandoval wamebadilisha mengi. Superman huyu hakufika duniani akiwa mtoto mchanga. Anaikumbuka Krypton vizuri. Wazazi wake walikuwa wa tabaka la wafanyakazi, lililodharauliwa na wakubwa, na ile herufi ya S kifuani, ambayo hata watoto wa Lubumbashi wanaivaa kwenye fulana, ilikuwa alama ya tabaka hilo. Hapo ndipo kitabu kinapompata msomaji wa Katanga.

Mashabiki wa zamani wana haki ya kunung'unika: huyu hacheki ovyo, na bila malezi ya akina Kent tangu utoto, upole wake umepungua. Hadithi pia inarukaruka kati ya Krypton na dunia hadi inachosha. Lakini kasoro kubwa ni nyingine. Wachimbaji wanapata mtetezi, kisha hadithi inawapita haraka mno. Mwenye ndugu mgodini Kolwezi angetaka kuwasikia wao wenyewe zaidi.

Kwa wasiosoma Kiingereza, Urban Comics inatoa tafsiri ya Kifaransa.