Nairobi hadi New York: Kilomita Zilezile, Saa Tofauti

Chukua ramani ya dunia ya ukutani, weka rula kati ya Nairobi na New York, upige mstari. Utatoka Afrika kwenye pwani ya Mauritania na kuikata Atlantiki. Kwa macho hiyo ndiyo njia fupi, lakini sivyo. Sasa chukua tufe na uzi, uukaze kati ya miji hiyo miwili. Uzi utapita Sudan Kusini, Chad na Aljeria, utatokea baharini pwani ya Moroko, utapanda kaskazini kuipita hata New York yenyewe, kisha uteremke kuifikia. Huo ndio umbali wa kweli: takriban kilomita 11,800. Dunia ni mviringo, na hakuna ramani bapa inayoweza kuionyesha bila kuipotosha.

Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa na safari ya moja kwa moja kati ya miji hii kwa ndege ya Boeing 787, ambayo ikishafika juu hukata hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya utapata saa 13 na dakika chache. Tatizo ni kwamba mwendo huo hupimwa dhidi ya hewa, si ardhi, na hewa ya huko juu haitulii. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, upande wa kaskazini wa dunia, hupita pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu majira ya baridi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiikabili ndege njia nzima, safari itakaribia saa 15. Ukiisukuma kwa nyuma, haitafika hata 12. Manahodha wa majahazi waliosubiri Kaskazi na Kusi wangeielewa hesabu hii mara moja.

Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Wengi hudhani tofauti ya muda kati ya kwenda mashariki na kwenda magharibi inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. La, hewa huzunguka pamoja na dunia. Mchango wa mzunguko huo ni kuzipinda pepo zielekee mashariki.

Nairobi ina mzigo wake wa ziada. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mbawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, injini nazo hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana barabara ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na ubaridi wa usiku, unaoifanya hewa kuwa nzito, ni msaada mkubwa kwa ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu. Mafuta yakiongezwa kwa sababu ya upepo wa mbele, huenda mizigo ikapunguzwa. Kutoka New York, karibu kabisa na usawa wa bahari, ndege hiyohiyo inaweza kupaa na uzito mkubwa zaidi.