Vinara wa mgeuko wa beta katika ardhi ya Singida

Majabali ya granaiti kandokando ya maziwa Singidani na Kindai yanaonekana yametulia tuli, kumbe ndani yake atomu zinageuka kila sekunde. Katika mgeuko wa beta, nyutroni moja ya kiini huwa protoni, huku elektroni na antinyutrino zikichomoka. Uzito haubadiliki sana, lakini elementi inakuwa nyingine. Muda ndio unaotofautiana. Hawa hapa vinara.

Mvumilivu: rubidiamu-87. Nusu ya atomu zake huchukua takribani miaka bilioni 49 kugeuka strontiamu-87, zaidi ya mara tatu ya umri wa ulimwengu. Ndiyo maana wanajiolojia huitumia kupima miamba mikongwe kama hii, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Aliye karibu nawe: potasiamu-40. Imo kwenye granaiti, kwenye maharage na mwilini mwako. Ndani ya mtu mzima wa kilo 70, atomu zake zipatazo 4,000 hubadilika kila sekunde. Karibu tisa katika kila kumi huwa kalsiamu kwa njia ya beta.

Mwenye kasi na mkawiaji wa Manyoni. Wilaya hii ina urani isiyo mbali na uso wa ardhi. Urani-238 hupitia migeuko mingi, sita kati yake ikiwa ya beta, hadi kuwa risasi-206. Mwenye kasi katika hiyo sita ni protaktini-234 iliyosisimka: nusu yake huisha kwa dakika moja na ushei. Mkawiaji ni risasi-210: miaka 22.

Mfichua siri: bizmuthi-214. Ikishageuka kwa beta, hufuatia mionzi mikali ya gama. Ndege za utafiti huinasa mionzi hiyo, na kwayo hutambua palipo na urani.

Aliyeharakishwa kupita wote: reniamu-187. Nusu yake huhitaji takribani miaka bilioni 42. Mwaka 1996, huko Darmstadt, Ujerumani, wanasayansi waliivua elektroni zote 75. Muda ukashuka hadi miaka 33, kwa kuwa elektroni mpya sasa ilipata nafasi ya kubaki ndani ya atomu yenyewe.

Kwa idadi ileile ya atomu, yenye muda mfupi hutoa mionzi mingi zaidi kwa sekunde. Kwa hiyo, ukiambiwa jiwe lina mionzi, uliza: ni atomu ipi, ziko ngapi, na nusu yake huisha kwa muda gani?