Guta Likifika Mlimani

Mwenye guta anayetaka kuachana na petroli huanza na swali moja: mota ya wati ngapi? Mimi humrudishia maswali mawili: unabeba nini, na unapita wapi? Anayesambaza maji ya chupa Kariakoo, kwenye tambarare, na anayepandisha viazi Bugando kule Mwanza hawafai kununua mota ya aina moja, hata kama maguta yao ni pacha.

Tuchukue guta la kilo 250 pamoja na betri, dereva wa kilo 70, na magunia manne ya kilo mia mia. Jumla kilo 720. Barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10 inalivuta nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 72. Ongeza ukinzani wa tairi kubingirika, unafika kama 80. Kutoka katikati ya ekseli hadi lami pakiwa na sentimita 25, nguvu ya kuzungusha inayotakiwa ni karibu niutonimita 200. Lakini kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kazi yote hiyo ni wati 2,200 hivi. Mota iliyobandikwa 3,000 ingeonekana inatosha na ziada, na bado guta likagoma njiani. Wati za kwenye kibandiko hupatikana mota ikiwa imeshika kasi, na mlimani kasi ndiyo haipo.

Hapo ndipo mota ya kwenye ringi inapoumbuka. Nyingi hazina gia: tairi likienda polepole, nayo inakwenda polepole, kwa hiyo nguvu yote lazima itoke kwenye ampea. Ampea zikiongezeka mara 2, joto kwenye nyaya za shaba linaongezeka mara 4. Ukiifunga gurudumu la mbele ndiyo balaa kabisa, kwani mzigo umekaa nyuma na tairi la mbele linakwangua vumbi tu. Wapo wanaofunga mbili nyuma, kila moja na kontrola yake. Inawezekana, mradi eksileta iamuru nguvu, si kasi. Vinginevyo kwenye kona mota zinagombana na tairi zinalia.

Kwa mzigo mimi nachagua mota moja juu ya ekseli ya nyuma yenye difu. Difu la 10 kwa 1 linaipunguzia mota kazi: badala ya niutonimita 200 inatoa 20 na kidogo, huku ikizunguka mara kumi zaidi ya tairi. Kwenye kona difu linaliachia tairi la nje likimbie. Gharama yake ni kelele, oili ya kubadilisha, na umeme kiasi unaopotelea kwenye meno ya gia.

Volti nazo zina neno. Mlima ule ule, ukihesabu na upotevu, unadai kama ampea 60 kwa betri ya volti 48, na kama 40 kwa volti 72. Nyaya na kontrola hupumua.

Ukimaliza kufunga, pakia mzigo kamili, panda mlima mrefu kuliko yote ya njia yako, simama juu, sogeza kiganja karibu na ganda la mota. Likikufukuza mkono, au ukisikia harufu ya vanishi inayoungua, punguza magunia au badilisha difu kabla hujaanza kuchukua wateja.