Unatengeneza Jahazi, au Sanduku Lenye Kitambaa?

UKIPITA kwenye maduka ya vinyago utaviona vimepangwa: vijahazi vya mbao, rangi inang'aa, tanga jeupe pee. Mgeni ananunua, anafurahi. Lakini muite baharia avitazame uone atakavyocheka! Vingi siyo vyombo, ni masanduku yaliyovishwa kitambaa.

Mimi kazi hii nimefundishwa na mjomba wangu, fundi wa mashua wa siku nyingi, baada ya kumaliza Kidato cha Nne na kuchoka kukaa kijiweni. Kwa hiyo haya ninayokupa, msomaji wangu, siyo ya kuhadithiwa.

AMUA NI CHOMBO GANI
Usikimbilie msumeno. Nenda kwanza pwani ukatazame. Ngalawa ina mirengu huku na huku, mashua haina. Jahazi nalo lina kwao: la Lamu omo yake imesimama wima, la Unguja imelala kwa mbele. Ukichanganya, mzee wa pwani atakuuliza chombo chako kimezaliwa wapi.

Kisha chagua kipimo na usikiache. Ukisema sentimita moja ni sawa na nusu mita, jahazi la mita 15 litakuwa la sentimita 30. Mlingoti, usukani, hata pipa la maji, vyote vifuate hesabu hiyo hiyo. Nimeshaona kijahazi chenye usukani ambao kwa chombo cha kweli ungetaka wanaume kumi kuugeuza!

BODI NDIYO KAZI
Kama unaanza, tumia njia ya tabaka. Chukua ubao wa unene wa sentimita moja, kata vipande vinne au vitano vyenye umbo la chombo kinavyoonekana kutoka juu, vya chini viwe vyembamba zaidi. Bandika kimoja juu ya kingine kwa gundi ya mbao, kaza, acha vilale hadi kesho yake. Halafu ndiyo uingie na patasi, randa na msasa.

Ujanja ni huu: chora nusu tu ya chombo kwenye karatasi, ikunje katikati, kata. Ukiikunjua, kushoto na kulia ni mapacha.

Ukishakomaa, jenga kama mafundi: mkuku kwanza, kisha mataruma, kisha mbao za ubavuni. Hizo mbao ziwe nyembamba, kama milimita mbili. Ziloweke kwenye maji ya moto hadi zilainike, zipinde, zibane kwa vibanio vya nguo, zikauke ndipo upake gundi. Na ukiweka ubao mmoja kulia, unaofuata uweke kushoto. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, chombo kitajikunja kama ndizi.

Mbao usihangaike kununua, mabaki yamejaa kwa maseremala. Chagua iliyokauka vizuri, maana mbichi itapasuka baadaye. Msasa anza na namba 80, nenda 120, malizia na 240, ukifuata nyuzi za mti.

MLINGOTI NA TANGA
Hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Mlingoti wa jahazi hausimami wima kama wa bendera, unainama kidogo kwa mbele. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni mrefu, na mara nyingi huungwa kwa miti miwili iliyofungwa kamba.

Tanga tumia merikani. Ifue itoke wanga, kisha ichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea, upate ule weupe uliopigwa na jua. Vitambaa vya kuteleza achana navyo. Uzi wa kamba upitishe kwenye nta ili usiwe na manyoya.

MCHEZO WENYE MAANA
Najua wapo masela watakaosema, yote haya kwa ajili ya kichezeo? Sikilizeni. Zamani pwani yetu ilikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za minazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Katika karne ya 20 mitepe ikatoweka. Leo hakuna aliye hai aliyewahi kuwa nahodha wake. Tunaujua kwa picha, maandishi, na mitepe midogo kama ile ya Makumbusho ya Lamu. Kitoto kimebaki, mama amekwenda.

Sasa mtazame mjomba wangu. Hana mchoro hata mmoja, vipimo vyote viko kichwani na mikononi mwake. Wateja wake wengi siku hizi wanataka boti za faiba na injini, na wanawe hawataki kusikia habari za tezo. Siku akiondoka, anaondoka na karakana nzima.

Kwa hiyo mtafute mzee kama huyo mtaani kwako. Mpigie magoti ikibidi. Muulize mkuku urefu gani, mlingoti unakaa wapi, kwa nini hapa na siyo pale. Halafu chini ya kijahazi chako andika: ni chombo gani, cha wapi, kwa vipimo vya fundi yupi, mwaka gani. Mshiko utaupata, maana mnunuzi anayejua hulipia ukweli. Lakini hata kisiponunuliwa, usikitupe. Huenda mjukuu wako akakihitaji ili ajenge kikubwa.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo!